Jinsi ya kulipita trela kwa usalama: maelekezo ya dereva aliye ndani ya kabini

Mwaka 2024 Polisi ya Uganda ilihesabu watu 5,144 waliopoteza maisha barabarani, na kupita magari kiholela ni miongoni mwa sababu ambazo maofisa wake huzitaja mara kwa mara. Mimi huendesha trela la mizigo kutoka Malaba hadi Kampala, na mara nyingine huendelea hadi Elegu, kwa hiyo ajali nyingi za namna hii huziona zikianzia kwenye vioo vyangu: gari dogo limeng'ang'ania nyuma yangu kwa dakika kumi, dereva wake amechoka kusubiri, kisha anachomoka ghafla asijue kilichoko mbele. Nawaandikia madereva hao, kwa kuwa jambo hili lina utaratibu wake na mtu anaweza kujifunza.

Hatua ya kwanza ni kurudi nyuma. Wengi hudhani kwamba kulikaribia trela kunawarahisishia kulipita, kumbe kadiri unavyolisogelea ndivyo linavyokuziba barabara yote. Chagua mti au kibao kilicho kando ya barabara. Mkia wa trela ukikipita, hesabu polepole moja, mbili, tatu, na kama umekifikia kabla ya tatu, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi sita. Usipoviona vioo vyangu vya pembeni, elewa kwamba nami sikuoni.

Hatua ya pili ni hesabu, nayo ndiyo naomba uisome bila haraka. Tuseme mimi ninakwenda kilomita 60 kwa saa na wewe 80. Trela langu lina urefu wa mita 17 hivi, gari lako mita 5. Unaanza ukiwa mita 25 nyuma yangu na unarudi upande wako ukiwa mita 25 mbele yangu, yaani unapaswa kunizidi kwa mita 72. Kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa, kazi hiyo inachukua sekunde 13, na katika sekunde hizo gari lako linakwenda karibu mita 290. Basi linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa litakuwa limekwenda mita 360 kukufuata. Kwa hiyo unahitaji barabara tupu ya mita 650, zaidi ya viwanja sita vya mpira, na hapo sijaongeza hata mita moja ya tahadhari. Gari lililobeba watu saba na mizigo yao likipanda mlima halifiki 80 kwa urahisi, na umbali huo unazidi kurefuka. Linganisha na faida yake: katika kilomita 20, anayekwenda 80 humtangulia anayekwenda 60 kwa dakika 5 tu.

Ukishaijua hesabu hiyo, kuchagua mahali hakutakusumbua. Penye mstari usiokatika, kileleni mwa mlima, kwenye kona, darajani na kwenye makutano, usipite kabisa. Ndani ya msitu wa Mabira miti huificha kona, na ukikaribia Namawojjolo magari husimama bila taarifa kununua kuku na gonja (ndizi za kuchoma), huku wauzaji wakikimbilia madirishani. Maeneo ya Kakira na Lugazi yana matrekta ya miwa yanayokwenda polepole, na usiku mengine hayaonekani mpaka uwe umeyafikia. Ushauri wangu ni kwamba giza likiingia ubaki nyuma, hata kama njia inaonekana nyeupe.

Kuhusu indiketa, madereva wa malori tuna desturi ya kuwasha ya kushoto kukuarifu kwamba mbele ni kweupe, na ya kulia kukuzuia. Ipokee kama ushauri tu. Huenda anayewasha ya kulia anakata kona, na anayewasha ya kushoto anataka kusimama. Macho yako ndiyo yaamue.

Sasa toka. Tazama vioo kwanza, kwani huenda aliye nyuma yako ameshaanza kukupita, au bodaboda imejipenyeza ubavuni. Washa indiketa, shusha gia ikihitajika, piga honi fupi, kisha usisite. Usimfuate aliyekutangulia kwa kuwa yeye amepita: nafasi aliyoipima ilimtosha yeye. Rudi kushoto pale tu unapoziona taa zangu zote mbili kwenye kioo chako cha ndani, wala usipunguze mwendo mara moja, maana trela lililojaa mzigo halisimami upesi.

Ikitokea gari mbele yako wakati umeshatoka, kanuni yangu ni hii: kama hujaifikia kabini yangu, kanyaga breki urudi nyuma yangu. Niliijua kwa hofu. Kwenye mteremko mmoja gari dogo lilikuwa ubavuni mwangu basi lilipotokea. Nilidhani dereva wake atasonga mbele, nikakanyaga breki ili nimpishe. Naye kwa wakati uleule akakanyaga breki ili arudi, tukabaki sambamba. Dereva wa basi alitoka nje ya lami hadi kwenye udongo, na ndivyo sote tulivyopona. Tangu siku hiyo, aliye bado ubavuni mwa mzigo wangu namwachia nafasi ya nyuma kwa kushikilia mwendo wangu uleule, na breki naikanyaga kwa ajili ya yule tu ambaye ameshaipita kabini.