Kusoma PLC ya pampu ya maji kwa Modbus TCP

Tuchukue kituo cha pampu Pemba: PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) inaendesha pampu, na kompyuta ya ofisini inatakiwa ionyeshe kina cha maji tangini. Zitazungumza kwa Modbus TCP, lugha ya mitambo inayopita kwenye mtandao. Vinahitajika swichi ndogo ya mtandao, nyaya mbili za Cat5e, na Python yenye maktaba ya pymodbus.

Anza na waya. Ipe PLC anwani 192.168.1.10, kompyuta 192.168.1.50, zote kwa subnet mask 255.255.255.0, kisha kutoka kwenye kompyuta piga ping (amri ya kujaribu kama PLC inafikika). Isipojibu, usiiguse programu kwanza. Tazama taa za poti, halafu chomoa plagi ukague vipini vyake: hewa ya chumvi hula shaba, na ukiona ukijani, kata kichwa ufunge kipya. Ping ikijibu na programu bado inakataliwa, ama poti 502 (namba ya mlango wa Modbus, si tundu la waya) imezuiwa, ama Modbus haijawashwa ndani ya PLC.

Sasa soma rejista, yaani visanduku vya namba ndani ya PLC. Usiandike chochote bado.

from pymodbus.client import ModbusTcpClient
import struct
c = ModbusTcpClient("192.168.1.10")
c.connect()
j = c.read_holding_registers(100, count=2)
print(j.registers)
print(struct.unpack(">f", struct.pack(">HH", *j.registers)))

Jedwali la PLC linasema 40101, mbona tumeandika 100? Ile 4 inataja aina ya rejista tu, na hesabu ya kwenye waya huanzia sifuri. Ukiandika 40101, aghalabu utarudishiwa kosa namba 2: anwani haipo.

Namba ya desimali ya biti 32 hukaa rejista mbili. Maji yakiwa mita 2.75 utaona [16432, 0]. PLC nyengine hutanguliza nusu ya chini, [0, 16432]. Usipozigeuza utapata namba ndogo mno, na skrini itaandika sifuri tangi likiwa na maji. Hapo watu hulaumu kihisi bure. Teremsha kamba yenye uzito tangini, pima, linganisha.

Kuwasha pampu ni kazi nyengine. Usiandike moja kwa moja kwenye njia ya kutokea (output inayowasha pampu), maana PLC huiandika upya kila mzunguko wa programu yake. Andika ombi katika rejista yake, na PLC yenyewe ikague boya (swichi inayoelea tangini) na kinga ya mota kabla ya kuwasha. Modbus TCP ya kawaida haina nywila, kwa hiyo mtandao huu usiufungulie intaneti.

Mwisho, kompyuta iongeze namba moja kila sekunde kwenye rejista maalumu. Isipobadilika kwa sekunde 5, PLC ifute ombi na iendeshe kwa boya peke yake. Jaribu pampu ikiwa inazunguka: chomoa waya wa kompyuta, hesabu hadi tano.