SOMO: Kuvua blugili kwa nzi bandia msimu wa machipuko (kwa tulioko Marekani)

Wakuu, nimechoka kujibu swali lilelile kila Aprili: blugili (samaki mdogo bapa wa maziwa ya huku) huvuliwaje kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya? Naliandika hapa mara moja.

1. Kata leseni. Majimbo mengi yanamdai kila mwenye miaka 16 na kuendelea.

2. Fimbo namba 3 au 4 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba), mshipi unaoelea, na uzi mwembamba wa mwisho wa kuhimili paundi 4 hivi.

3. Nzi wa ndoana namba 10 au 12. Blugili ana kinywa kidogo.

4. Pima maji, kalenda itakudanganya. Krapi (samaki wa ukoo wa blugili) husogea ukingoni maji yakikaribia nyuzi 16 za Selsiasi; blugili hutaga yakifika 20 hivi. Tafuta mashimo ya mviringo yenye rangi nyepesi, yamekaa kwa makundi kwenye changarawe, maji hayazidi kiuno.

5. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Nzi akitua, msimguse. Mwache azame, vuta mshipi inchi mbili, tulia, vuta tena. Blugili anakuja taratibu, anamkodolea macho, anamfyonza, na akigundua ni manyoya anamtema papo hapo. Mkononi husikii kitu! Macho yasitoke pale mshipi unapoingia majini: mshipi ukisita au ukisogea kando kidogo tu, inua fimbo. Inua, usikwanyue, ukikwanyua unamchana mdomo au unakata uzi. Usiache mshipi ulegee, maana hadi unyooke samaki keshatema. Kukiwa na upepo, shusha ncha ya fimbo hadi karibu na maji.

6. Laza miiba ya mgongo kwa kiganja kuanzia kichwani, toa ndoana kwa koleo ndogo.

MASWALI

Mgeni wa Texas: Mkuu, fimbo namba ngapi?
— Hatua ya 2.

Bosi Wikiendi: Nimefuata yote, sijapata hata mmoja. Somo lako halifanyi kazi.
— Maji yalikuwa nyuzi ngapi?
Bosi Wikiendi: Sikupima.
— Basi hujafuata yote.

Mkerewe: Kaka, hayo mashimo mbona kama ya sato wa kwetu?
— Umeona mbali. Kote dume ndiye mchimbaji. Ila jike la sato hubeba mayai mdomoni na kuondoka nayo, wakati kwa blugili dume hubaki palepale, anayapepea kwa mapezi na kufukuza kila kinachosogea. Ndiyo maana humvamia nzi hata akiwa hana njaa. Madume makubwa mimi huyarudisha: yakiisha, madogo huwahi kupevuka kabla ya kukua, na ziwa linabaki na vidagaa. Minnesota kikomo cha kawaida ni 20 kwa siku, lakini kuna maziwa yaliyoshushwa hadi 5. Soma kibao kabla ya kutupa mshipi.

Shangazi wa Ohio: Na wa kula je?
— Wa wastani, dada. Paa magamba kwa kijiko, piga chale, chumvi na ndimu, kaanga mzima hadi mapezi yakauke. Hayo mapezi usiyatupe, yanatafunika.

Mkerewe: Na krapi?
— Jua likizama, kando ya nguzo za gati. Nzi mweupe.