Mbio za rangi, za povu, za kuvaa vikatuni: jinsi ya kujua kama zinahesabika na uzikimbieje

Wakimbiaji wawili wakikaa pamoja haichukui muda hili suala linaibuka. Mmoja kamaliza mbio za rangi, zile za kumwagiwa unga wa rangi njiani, uso mzima kijani na njano, ana medali shingoni na anasema leo nimekimbia mashindano, mwenzake anacheka anasema hayo sio mashindano hiyo ni sherehe yenye viatu vya michezo. Wanabishana mpaka basi, na hakuna hata mmoja anayeuliza zinahesabika kwa ajili ya nini. Maana kuna kuhesabika kama rekodi yako, kuna kuhesabika kama tiketi ya kuingia mbio nyingine kubwa, na kuna kuhesabika kama mazoezi tu, na mbio moja inaweza kufaulu hapa ikafeli pale.

Kwaiyo kabla hujalipia, fungua maelezo ya waandaaji uangalie vitu viwili tu, saa na kipimo cha njia. Picha za watu wanarukaruka usiziangalie, hazikusaidii kitu.

Saa ni rahisi. Tafuta kama wametaja chipu, kale kadude kanakobandikwa nyuma ya namba ya kifuani au kufungwa kwenye kiatu, ukikanyaga mkeka wa kuanzia muda wako unaanza na ukikanyaga wa mwisho unafunga. Tafuta pia kama mwaka jana walitoa orodha ya matokeo. The Color Run, ambao ndio walioufanya mtindo wa kumwagiana unga usambae dunia nzima tangu walipoanza Marekani mwaka 2012, wao hawakumficha mtu, walisema wazi kwamba hakuna kupima muda na hakuna mshindi. Sasa we ukienda pale ukatoka na "rekodi mpya ya 5K" (kilomita tano) umeitoa wapi? Ya kwenye saa yako ya mkononi hiyo, na hapo ndo tunaingia kwenye kipimo.

Watu wengi wanadhani njia ya mbio inapimwa na gari au na simu. Hapana bwana. Mbio zenye njia iliyothibitishwa, mpimaji anapanda baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na hiyo baiskeli kaisawazisha kwanza kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa tepu ya chuma. Halafu anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, yaani kwenye kona anajibana sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Akimaliza anaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana fupi baadae, ndo maana 5K iliyothibitishwa kwenye karatasi za mpimaji inakuwa mita 5,005 na marathoni inapata nyongeza ya kama mita 42 juu ya zile kilomita 42.195. Saa yako ya GPS haifanyi hivyo, inakisia pointi na kuziunganisha, ukipita katikati ya maghorofa au chini ya miti inachora vitu vya ajabu. Mbio nyingi za burudani wanasema "kama kilomita tano" na hilo neno kama ndo lenye ukweli wote, njia inapindishwa ipite kwenye jukwaa la muziki, kwenye vituo vya rangi, kwenye povu, unaweza ukajikuta umekimbia pungufu au zaidi. Ukiona hawajaandika popote kwamba njia imepimwa na kuthibitishwa, chukulia haijapimwa.

Sasa usije ukakimbilia kusema basi vichekesho vyote sio mbio. Bay to Breakers ya San Francisco ipo tangu 1912, ni kilomita 12, watu wanavaa vitu ambavyo hata siwezi kuvieleza vizuri, na kuna kitengo kabisa cha wakimbiaji 13 waliofungwa pamoja kama jongoo, tena wanashindana kwelikweli. London Marathon ndo usiseme, mtu kavaa faru mzima mwilini anakimbia njia ileile, mikeka ileile, na muda wake unatoka kwenye orodha ileile ya matokeo. Faru hampunguzii hata mita moja. Huyo ukimwambia hajakimbia marathoni atakuwa na haki ya kukukasirikia.

Na upande wa pili pia kuna maajabu. Kwenye Boston Marathon mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia 2:03:02, wakati huo hakuna binadamu aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo, lakini haikuwa rekodi ya dunia sababu ile njia inaanzia sehemu moja na kuishia mbali sana na inashuka kuliko kanuni inavyoruhusu. Eliud Kipchoge naye Vienna Oktoba 2019 alikimbia umbali wa marathoni kwa 1:59:40, dunia nzima ililia kwa furaha na bado haikuingia kwenye vitabu, hayakuwa mashindano ya wazi na wakimbiaji waliomvuta mwendo walikuwa wanaingia na kutoka kwa kupokezana. Hapo nani atasema hawa jamaa hawakuwa siriasi? Kwaiyo kitu kinaweza kuwa siriasi kisihesabike, na kingine kikawa na manyoya na mkia kikahesabika vizuri tu.

Hata jina wanalojipa waandaaji lisikupoteze. Parkrun, zile mbio za kilomita tano za kila wiki kwenye bustani zilizoanza Uingereza mwaka 2004, wenyewe wanasema hii ni mbio ya kukimbia tu sio mashindano, lakini ukimaliza unapewa muda na namba uliyoshika. Soma wanachofanya, wanachojiita waachie wenyewe.

Haya, umeshajua ni mbio ya aina gani. Amua kabla ya siku yenyewe kama unakwenda kukimbiza muda au kucheza, usiende kuamua pale mstarini. Kama ina chipu na unataka muda mzuri, ingia kundi la kwanza kabisa la kuanza, maana ukiwa katikati utakutana na familia imeshikana mikono barabara nzima na hao hawana kosa lolote, we ndo umekosea kundi. Usipige watu viwiko. Kwenye vituo vya rangi wamwagaji mara nyingi wanasimama pembeni, pita katikati. Unga wenyewe kwa kawaida ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi, ila vumbi ni vumbi, funga kitambaa puani na mdomoni na vaa miwani, na mwenye pumu afikirie mara mbili kabisa au aombe njia ya kuzunguka kituo. Simu weka kwenye mfuko wa plastiki. Viatu vyako vya mashindano acha nyumbani.

Ukivaa vazi la kuchekesha, likimbilie mazoezini kwanza, tena sio mita mia mbili, mwendo mrefu wa kutoka jasho. Hapo ndo utajua linakwaruza wapi upake vaselini, kama unaona pembeni, na joto linapanda kiasi gani, sababu kuchemka ndani ya kinyago sio mchezo.

Kwenye programu ya mazoezi mimi naziweka kama siku ya kukimbia taratibu, basi. Huna haja ya kupumzika wiki nzima kwa ajili ya mbio za povu. Ila zenye matope na vizuizi kaa nazo mbali kama una mbio kubwa ndani ya wiki mbili tatu, kifundo cha mguu kikiteguka kwenye dimbwi programu yako ya miezi minne imeisha. Kwa anayeanza ni tofauti kabisa, huyu namwambia aende, mapafu hayajui kama kuna muziki, na kama mwezi uliopita hakuweza kukimbia hata dakika kumi mfululizo halafu leo kafika mwisho, aiite mashindano na asiombe ruhusa kwa mtu.

Matokeo yaandike kwa ukweli tu. Muda wa njia isiyopimwa andika pamoja na jina la mbio, usiuweke kwenye mstari wa rekodi zako binafsi. Na usijaribu kuupeleka kwenye mbio zinazodai muda wa kufuzu, Boston kwa mfano wanataka marathoni yenye njia iliyothibitishwa, watakurudishia.

Ukitaka kujua 5K yako halisi na mbio za karibu zote ni za rangi, nenda uwanja wa mita 400, leni ya kwanza, raundi 12 na nusu. Anzia upande wa pili pale pa mita 200 ili umalizie kwenye mstari wenyewe wa kumalizia, na mtu asimame akuhesabie, maana ukishafika raundi ya nane kichwa kinaanza kuruka namba.