Alizeti yenye punje zilizojaa: mwongozo kwa mkulima wa Singida na Dodoma

Mafuta ya alizeti hutoka katika kiini cha punje, kwa hiyo shamba linaloonekana zuri likichanua Machi linaweza bado kumpa mwenye nalo magunia mepesi yaliyojaa mapepe. Hasara hiyo inaumiza, na sehemu kubwa yake inaweza kuepukwa mapema, tangu siku ya kupanda.

Alizeti ina mzizi mkuu unaokwenda chini sana kutafuta maji, na ndiyo maana hustahimili ukame wa nyanda za kati kuliko mahindi. Mzizi huo ukikutana na tabaka gumu lililoshindiliwa na jembe au kwato za ng'ombe, hupinda, na mmea hunyauka jua linapokuwa kali. Lima kwa kina kabla mvua hazijashika, na uepuke mahali panapotuamisha maji.

Mvua za kanda hii ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Panda kati ya Desemba na katikati ya Januari, udongo ukiwa umelowa vizuri. Mbegu ya Record, ambayo wakulima wengi wanaifahamu, hukomaa kwa takriban miezi minne. Ikipandwa wakati huo, hujaza punje mvua zikiwa bado zipo na hukauka zikiwa zimekwisha. Mbegu nyingi za chotara, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili, hukomaa mapema zaidi, lakini usihifadhi punje zake kwa ajili ya kupanda mwaka unaofuata, kwa sababu mimea itakayoota haitafanana na mama yake.

Nafasi ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Acha sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, utie mbegu mbili au tatu katika kila shimo kwa kina cha sentimita tatu hadi tano, kisha miche ikifikisha majani manne ung'olee na kubakiza mmoja, jambo linalokupa mimea ipatayo 18,000 kwa ekari. Ninajua kung'oa mche wenye afya kunatia uchungu, lakini miche miwili katika shimo moja hunyang'anyana maji na yote hutoa vichwa vidogo. Kupanda mbali mno nako hakufai: vichwa huwa vikubwa kama sinia na husifiwa na kila mpita njia, ilhali huchelewa kukauka, na katikati mara nyingi hubaki punje tupu.

Tia samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda. Palizi ifanyike mapema, kwa kuwa wiki sita za mwanzo mche haujaweza kuyashinda magugu. Baada ya hapo majani yake yenyewe hufunika ardhi.

Kichwa kimoja cha alizeti ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kwa mamia. Yale ya njano ya pembeni hayazai punje, kazi yake ni kuwaita wadudu. Yanayozaa ni yale madogo ya ndani, ambayo huchanua kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa muda wa siku kadhaa. Mbegu za zamani kama Record huhitaji sana chavua kutoka mmea mwingine, na nyuki ndiye anayeileta. Singida inasifika kwa asali, basi weka mizinga karibu na shamba, na usipulizie kiuatilifu cha wadudu wakati wa kuchanua.

Usirudishe alizeti katika shamba lilelile kabla ya miaka mitatu. Katika miaka hiyo ya kati panda mtama, uwele au mahindi, maana karanga na maharage hushiriki na alizeti ugonjwa wa kuoza shina unaosababishwa na ukungu wa udongoni.

Vuna mgongo wa kichwa unapogeuka kutoka njano kuwa kahawia. Ukichelewa, ndege watakutangulia na punje zitapukutika. Anika vichwa juu ya turubai, pura kwa fimbo, pepeta, kisha anika punje tena hadi unyevu ushuke kufikia asilimia tisa hivi, kwani punje mbichi huota ukungu na mafuta yake huchacha. Panga magunia juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, ghalani penye hewa.