Kabla hujakata rufaa ya mafao ya ulemavu Marekani

Barua ya kukataliwa kutoka SSA, mamlaka inayosimamia hifadhi ya jamii Marekani, huwa na kurasa kadhaa. Wengi husoma sentensi moja tu, ile inayosema ombi halikukubaliwa, kisha huikunja na kuiweka mbali. Tafadhali usiiweke mbali. Sehemu kubwa ya maombi ya mafao ya ulemavu hukataliwa katika hatua ya kwanza, yakiwemo ya watu wagonjwa kweli kweli, na barua hiyo hiyo inayovunja moyo ndiyo inayokueleza ujibu nini na kabla ya lini.

Anza na tarehe iliyo juu ya barua. Una siku 60 za kukata rufaa tangu siku uliyoipokea, na SSA huhesabu kwamba uliipokea siku 5 baada ya tarehe hiyo, isipokuwa uweze kuonyesha kwamba ilichelewa kufika. Muda huo unaonekana mrefu, lakini huisha wakati mtu bado anasubiri ripoti ya daktari. Usisubiri. Wasilisha rufaa kwanza, kwa mtandao au kwa fomu, ushahidi utafuata. Ukichelewa kwa sababu nzito, kama kulazwa hospitali au kufiwa na mtu wa karibu, eleza kwa maandishi na uombe upokelewe. Ombi hilo laweza kukubaliwa au kukataliwa. Na kama ulikuwa tayari unapokea mafao, sasa umeambiwa umepata nafuu na yatasimamishwa, kuna muda mfupi zaidi wa kuangalia: siku 10 tangu kupokea barua, ikiwa unataka malipo yaendelee huku rufaa ikishughulikiwa. Ujue tu kwamba ukishindwa unaweza kudaiwa ulicholipwa katika kipindi hicho.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuachana na rufaa na kujaza ombi jipya kwa sababu ni rahisi. Kwa watu wengi ushauri huo ni wa hasara. Rufaa hulinda tarehe ya ombi lako la kwanza, na malimbikizo ya malipo huhesabiwa kwa kufuata tarehe hiyo. Kwa SSDI, mafao yanayotokana na michango uliyokatwa kazini, kuna hatari nyingine: kinga inayotokana na michango hiyo (si bima ya afya) ina siku ya mwisho, na lazima ulemavu uwe ulianza kabla ya siku hiyo. Aliyeacha kazi miaka mingi iliyopita anaweza kupoteza haki kabisa akianza upya.

Baada ya tarehe, soma sababu. Zingine hazihusu ugonjwa hata kidogo. Huenda waliona kipato chako cha kazi kimevuka kiwango chao, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato kwa asiye kipofu. Huenda michango yako haikutosha kwa SSDI. Kwa SSI, mafao ya wenye kipato na mali kidogo yasiyotegemea michango ya kazini, mali zinazohesabiwa hazitakiwi kuzidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa wanandoa. Sababu za namna hii hujibiwa kwa hati za malipo na za benki, si kwa vyeti vya hospitali.

Lakini sababu ya kawaida ni ile inayouma: wanakubali unaumwa, ila wanasema bado unaweza kufanya kazi fulani. Hapa ndipo rufaa nyingi hushinda au hushindwa. Sheria haiulizi jina la ugonjwa wako tu. Inauliza kama ugonjwa huo, ambao umedumu au unatarajiwa kudumu angalau miezi 12 au kusababisha kifo, unakuzuia kufanya kazi ya maana. Si kazi yako ya zamani peke yake, bali hata nyingine nyepesi. Kazi ya kukaa, kwa mfano, huhesabiwa kuwa ya kunyanyua si zaidi ya paundi 10 na kuketi takriban saa 6 kati ya 8. Kwa hiyo kusema "nina kisukari na mgongo mbovu" hakujibu swali. Jibu ni dakika ngapi unaweza kuketi kabla hujalazimika kusimama, umbali gani unatembea kabla ya kupumzika, vidole vinashika nini na kuangusha nini, dawa inakulaza kwa muda gani mchana, na kwa mwezi ni siku ngapi huwezi kutoka kitandani kabisa.

Rudi kwenye fomu uliyojaza mwanzo kuhusu shughuli zako za kila siku. Ukiweza, pata nakala yake. Mtu ameulizwa kama anapika, akaandika ndiyo. Hakuandika kwamba anapika akiwa ameketi, mara mbili kwa wiki, na binti yake ndiye anayeinua sufuria. Anayesoma jalada huona mtu anayemudu jikoni. Katika rufaa utapata nafasi ya kueleza kilichobadilika na kilichozidi tangu wakati huo, na kurekebisha majibu mafupi kama hayo. Usitie chumvi, maana utakachosema kitalinganishwa na rekodi zako, ila usijikaze pia.

Hilo la kujikaza linanigusa sana kwa sababu ni letu. Daktari akiuliza hali, tunajibu "nzuri, namshukuru Mungu", hata kama usiku mzima hatukulala. Ni adabu, na kwetu kila mtu anaelewa kwamba maelezo yanafuata baada ya salamu. Lakini kwenye kliniki salamu hiyo inaweza kuingia kwenye rekodi kama maendeleo ya mgonjwa, na miezi baadaye ikasomwa na mtu asiyekujua kwamba unaendelea vizuri. Kuanzia miadi ijayo, msalimie daktari, kisha mweleze maumivu yalivyo, yanaanza lini na yanakuzuia nini. Mzee anayeona aibu kueleza udhaifu wake mbele ya wanawe aingie peke yake na mkalimani.

Kuhusu barua ya daktari, wengi huomba barua isemayo "mgonjwa huyu hawezi kufanya kazi". Haina uzito huo tunaoudhania, kwa sababu kuamua nani ni mlemavu kisheria ni kazi ya SSA yenyewe. Tena kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 27 Machi 2017, maoni ya daktari wako hayapewi kipaumbele kwa kuwa tu ndiye anayekutibu. Kinachotazamwa zaidi ni kama maoni hayo yanaungwa mkono na vipimo vyake na kama yanaafikiana na ushahidi mwingine. Basi mwombe aandike vipimo: paundi ngapi, dakika ngapi, siku ngapi za kukosa kazi kwa mwezi, na kipimo gani cha picha au damu kinaonyesha hivyo. Barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa hivyo ni bora kuliko kurasa tano za huruma.

Orodhesha kila hospitali, kliniki na mshauri wa afya ya akili uliyemwona, pamoja na miezi uliyokwenda. Ikiwa kuna kipindi hukutibiwa kwa sababu hukuwa na bima au fedha, sema hivyo waziwazi, la sivyo pengo hilo huonekana kama nafuu. SSA ikikupangia uchunguzi kwa daktari wao, gharama ni yao, nawe nenda. Kukosa miadi hiyo bila sababu nzuri kunatosha kukataliwa.

Orodhesha pia kazi ulizofanya. Tangu Juni 2024 wanaangalia miaka 5 iliyopita badala ya 15, na kazi uliyoianza na kuiacha ndani ya siku zisizofika 30 haihesabiwi. Eleza uzito uliobeba na saa ulizosimama, kwa sababu cheo pekee hakionyeshi jasho. Umri nao una nafasi yake, kanuni hulegea kiasi kuanzia miaka 50, na hulegea zaidi kuanzia 55. Kutojua Kiingereza, ambako zamani kulihesabiwa katika kupima elimu ya mwombaji, kuliondolewa kwenye kanuni hizo Aprili 2020, kwa hiyo usijenge rufaa yako juu ya hoja hiyo.

Hatua ya kwanza ya rufaa kwa kawaida ni jalada kupitiwa upya na mtu ambaye hakushiriki uamuzi wa awali. Akikataa pia, una siku 60 nyingine za kuomba kusikilizwa na jaji, na hapo ndipo unapata kusema kwa kinywa chako. Notisi ya kikao hutumwa angalau siku 75 kabla. Ushahidi wote unapaswa kuwasilishwa, au jaji kuarifiwa kwamba upo, si chini ya siku 5 za kazi kabla ya kikao. Utakula kiapo, lakini hakuna mwendesha mashtaka wa kukubana. Mara nyingi huwepo mtaalamu wa ajira ambaye jaji humuuliza kama mtu mwenye vikwazo vyako angepata kazi. Wewe au mwakilishi wako mnaruhusiwa kumuuliza pia, na swali lenye nguvu ni hili: angeajirika mtu anayekosa kazi siku kadhaa kila mwezi?

Mkalimani hutolewa bure na SSA. Omba mapema, na utaje Kiswahili unachokielewa, kwa sababu mtu wa Bukavu au Lubumbashi aliyepewa mkalimani wa Mombasa anaweza kupotezana naye kwenye mambo madogo yenye uzito. Mwanao asifanye kazi hiyo, hata kama Kiingereza chake ni safi.

Mwakilishi si lazima, ila kwa kikao cha jaji ningekusihi umtafute, awe wakili au mtu mwingine anayekubalika na SSA. Kwa mkataba wa kawaida hulipwa ukishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, bila kuzidi dola 9,200 kwa kiwango kilichoanza mwishoni mwa Novemba 2024, na SSA lazima iidhinishe. Uliza kabla ya kutia sahihi nani atalipia nakala za rekodi, kwani hizo zinaweza kuwa gharama tofauti. Anayedai fedha taslimu mkononi ili "akupitishie" faili, muepuke.

Jaji akikataa, bado lipo Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho ya wilaya, kila hatua na siku zake 60. Lakini huko hutazamwa zaidi kama jaji alikosea, kwa hiyo usiweke akiba ya ushahidi. Na katika miezi yote ya kungoja, kila ukihama nyumba au kubadili namba ya simu, waarifu SSA na mwakilishi wako. Notisi ya kikao ikienda anwani ya zamani nawe usitokee, rufaa inaweza kufutwa bila hata kusikilizwa.