Somo: Kupatanisha sauti katika kundi la tromboni nne

Ndugu wapulizaji, kati ya makundi yote ya ala za shaba, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sababu yake ni slaidi, lile bomba linalovutwa nje na kurudishwa ndani. Tarumbeta hutegemea valvu, yaani vizibo vinavyobadilisha njia ya hewa. Tromboni inakuruhusu kuisogeza noti juu au chini hadi ikae sawasawa na za wenzako. Kundi lisiloitumia nafasi hiyo linapoteza utamu wote.

Hatua ya 1: Kupanga watu

Kwa kawaida ni tromboni tatu za tena (tenor, sauti ya kati) na moja ya besi (sauti nzito). Ya besi ina bomba pana zaidi, na valvu yake hushusha ala kutoka B flati hadi F. Kaeni nusu duara mtazamane. Acheni nafasi mbele ya kila mtu, maana slaidi ikinyooshwa hadi nafasi ya saba (ya mwisho; ya kwanza ni ikiwa imerudishwa ndani yote) hutoka zaidi ya nusu mita, na ikigonga stendi ikapinda, haitelezi tena vizuri.

Hatua ya 2: Do, so, halafu mi

Hapa msiwe na haraka. Besi aanze na do, yaani B flati, aishike bila kutikisika. Anayepiga so, yaani F, aingie juu yake. Zikitulia, ndipo wa mi aingie na D.

Mkisikia sauti inapigapiga kama wimbi, bado hamjapatana. Mi safi hukaa chini ya ile ya kinanda kwa takriban senti 14, ambapo nusu toni nzima ni senti 100. Bahati nzuri, D ya juu katika nafasi ya kwanza huwa chini kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo hapa inaingia yenyewe.

Sasa hamieni do-mi-so ya G, ambapo G ndiyo do. D ileile imekuwa so, na so inataka kupanda. Ukiwa nafasi ya kwanza huwezi kuipandisha, kwa sababu slaidi imeshafika mwisho. Ipige katika nafasi ya nne, itakaa. Hesabu hii ya “noti yangu ni nani katika do-mi-so hii?” ifanyeni kila mnapofungua ukurasa mpya.

Hatua ya 3: Pumzi na ulimi

Hakuna kondakta. Wa sauti ya kwanza avute pumzi kwa mwendo wa wimbo, wengine wavute naye. Katika vifungu laini, gusa kila noti kwa ulimi mwepesi, “du”, na usogeze slaidi upesi dakika ya mwisho, la sivyo noti zitaburutana.

Hatua ya 4: Nyimbo

Anzeni na Equale tatu (vipande vifupi vya ala za aina moja) za Beethoven, alizoandika mjini Linz, Austria, mwaka 1812 kwa ajili ya Siku ya Marehemu Wote. Ni fupi, za taratibu, na kila kosa la upatano linasikika. Mtunzi Anton Bruckner naye aliandika mbili kwa tromboni tatu, mwaka 1847. Nyimbo za kwaya za sauti nne zinafaa pia, ila soprano iko juu mno, hivyo shusheni ufunguo. Mkishashusha, sauti za tena na besi zisikaribiane sana, maana chini huko sauti huchafuka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hatuna tromboni ya besi. Tuna tromboni nne za tena tu.*

Endeleeni, ndugu. Tromboni ya tena isiyo na valvu inashuka vizuri hadi E, nafasi ya saba. Noti iliyo chini ya hapo ipandisheni oktava moja, mkiangalia isimpite wa sauti ya tatu.

*Wa sauti ya kwanza anachoka midomo kabla mazoezi hayajaisha.*

Badilishaneni sauti kila baada ya wimbo. Kila mtu atajifunza pia jinsi sehemu ya mwenzake inavyoshika nyingine.

*Kifaa chetu cha kupimia kinasema mi yangu iko chini, lakini wenzangu wanasema ni nzuri. Nimfuate nani?*

Wafuate wenzako. Kifaa kinapima kwa mizani ya kinanda. Kitumieni kwa ile B flati ya kwanza tu, kisha mkizime. Na slaidi ndogo ya kupatanishia, isukume ndani kidogo, ili B flati yako iwe sawa slaidi kubwa ikiwa imetoka kidogo. Hapo utakuwa na nafasi ya kupandisha hata ukiwa nafasi ya kwanza.