Namna ya kuwapanga wadau kabla kikao cha mfumo mpya hakijaitishwa

Mfumo mpya wa kompyuta ukija ofisini, kuna atakayepungukiwa bajeti, taarifa, au uwezo wa kusema hapana. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kiufundi huanzia hapo.

Hatua ya 1: Orodhesha watu, si idara. "Fedha" haikatai kitu. Anayekataa ana jina. Mbele ya kila jina andika atakachopoteza siku mfumo utakapowashwa. Usimsahau yule mwenye faili la Excel, ambaye ofisi nzima humpigia magoti ili kupata takwimu. Hatakwambia kwamba anaogopa kushuka hadhi. Atauliza kuhusu usalama wa data, tena kwa hoja nzuri, na itabidi umjibu yote mawili.

Hatua ya 2: Pima uzito wao. Watafiti wa menejimenti Mitchell, Agle na Wood walipendekeza vigezo vitatu mwaka 1997: nguvu, uhalali wa dai, na uharaka wake. Mwenye vyote vitatu hangoji. Mimi huongeza swali moja: bosi humsikiliza nani wakishatoka kikaoni?

Hatua ya 3: Waone mmoja mmoja. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hukwepa. Anza na mpinzani mkali, maana akisikia habari kwa wengine kwanza umeshamkosa. Acha slaidi, nenda na rasimu ya ukurasa mmoja yenye nafasi za kujaza, kalamu umpe yeye. Muulize: "Kitu gani kisipoguswa, mengine utayakubali?" Kisha nyamaza. Usiahidi usichokuwa na mamlaka nacho, wala usimpe kila mtu hadithi yake, kwa sababu watasimuliana.

Hatua ya 4: Waite watakaoutumia. Mapema, kabla ya zabuni. Uingereza ilianzisha mpango wa kitaifa wa TEHAMA wa NHS, huduma yake ya afya ya umma, mwaka 2002. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Lawama mojawapo kubwa ilikuwa kwamba madaktari na wauguzi hawakushirikishwa vya kutosha.

Hatua ya 5: Kila uamuzi uwe na mwenyewe. Jina moja, tarehe moja. Kamati ikimiliki uamuzi, hakuna wa kumuuliza. Muhtasari utoke siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijaanza kutofautiana.

Kiongozi anayeubeba mradi akihamishwa, rudi hatua ya 1 mara moja. Mrithi wake atakuja na watu wake wa kuwasikiliza.